Kazi Anayoachiwa Msomaji wa Riwaya

Mwaka 1836 Charles Dickens alikuwa kijana wa miaka 24 aliyeanza kutoa hadithi yake ndefu ya kwanza mjini London, sehemu moja kila mwezi. Sehemu za mwanzo hazikununuliwa sana. Katika sehemu ya nne akaingia mtumishi wa nyumba ya wageni anayeitwa Sam Weller, mauzo yakaanza kupanda, na kufikia mwisho wa hadithi zilikuwa zinachapwa nakala zipatazo 40,000. Sam hakuja na siri ya urithi wala maiti kwenye kisima. Tunamkuta uani anang'arisha viatu. Mjakazi anamwita kwamba mgeni wa chumba namba 22 anataka vyake sasa hivi. Sam hasogei. Anavitazama viatu vilivyopangwa mbele yake, jozi 11 na kiatu kimoja cha mgeni wa namba 6 mwenye mguu wa mti, anaeleza kwamba zile jozi ni za kuamshwa saa mbili unusu na kile kiatu kimoja saa tatu, halafu anauliza huyo wa 22 ni nani hata awavuruge wenzake wote.

Msimulizi hakutuambia kwamba Sam ni mcheshi, wala kwamba haogopi wakubwa, wala kwamba huwajua wageni wake kwa viatu kuliko kwa sura. Haya yote tuliyakusanya wenyewe, kwa muda wa kusoma sentensi chache, na kwa kuwa tuliyakusanya wenyewe tunayaamini. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo mvuto wa riwaya. Msomaji hashikwi na kile anachoelezwa. Hushikwa na kile anachokitambua mwenyewe, na mwandishi stadi ni yule anayejua sehemu ipi aiseme na sehemu ipi amwachie msomaji aifanyie kazi.

Tuanze na mhusika. Miswada mingi huanza hivi: "Sharifa alikuwa fundi cherehani mwaminifu, mpole na mwenye huruma. Kila mtu alimpenda." Hapo msomaji amepewa hukumu nne na hakuachiwa hata moja aitoe. Hana la kufanya ila kukubali, na anayekubali tu huchoka haraka. Sasa tazama njia nyingine. Mteja ameleta gauni la kupunguzwa. Ndani ya mfuko wa gauni hilo Sharifa anakuta bahasha iliyofungwa, na mwandiko ulio juu yake anaujua: ni wa mumewe. "Aliipima mkononi. Akairudisha mfukoni, akatafuta uzi wa rangi ileile ya gauni, akaushona ule mfuko kwa mishono midogo mno, mpaka usingejua kama uliwahi kuwapo."

Je, Sharifa ni mwaminifu kwa kutoifungua barua isiyo yake? Au ameizika ili huyo mteja asiipate kamwe? Au anajikinga na tamaa yake mwenyewe ya kuisoma? Matatu yote yanawezekana, na msomaji atafungua ukurasa unaofuata ajue ni lipi. Hakuna sifa hata moja iliyotajwa, ila tayari tunajua kwamba mwanamke huyu akitikiswa hutuliza mikono yake kwa kazi.

Ili tendo lizae maswali kama hayo, linahitaji mambo mawili ambayo mara nyingi husahaulika. La kwanza, mhusika awe na kitu anachokitaka chenye umbo. "Alitaka furaha" hakishikiki. "Alitaka mumewe aandike jina lake kwenye hati ya nyumba" kinashikika, kwa sababu tutajua siku atakapokipata na siku atakapokikosa. La pili, uamuzi wake umgharimu. Kuchagua kati ya wema na ubaya si uchaguzi mgumu. Mhusika mwema atachagua wema na msomaji alishajua. Mgumu ni ule wa kati ya mambo mawili ambayo mhusika anayapenda yote, au anayaogopa yote. Kipimo kimoja nakiamini sana: mtoe mhusika kwenye tukio, umweke mwingine wa riwaya hiyohiyo mahali pake. Kama tukio linaisha vilevile, basi huyo wa kwanza hakuwa na kazi pale, alikuwa anapitishwa tu na msuko wa matukio.

Mhusika mwovu huharibika kwa sababu hiyohiyo. Mwandishi anamfanya apige, aibe na adhulumu kwa kuwa hadithi inahitaji mpigaji, na hajiulizi huyo mtu anajiambia nini usiku. Karibu kila anayedhulumu ana maelezo yanayomfanya ajione ana haki. Mpe aya mbili za maelezo hayo, kwa sauti yake, bila msimulizi kumkatiza. Msomaji akijikuta kwa dakika moja anakaribia kukubaliana naye, atamwogopa zaidi kuliko kwa kurasa 50 za ukatili.

Majina nayo yana hatari yake. Tuna desturi kongwe ya kuwapa wahusika majina yanayobeba tabia zao, na Shaaban Robert aliitumia kwa ustadi mkubwa. Lakini wanaomwiga huchukua jina na kuacha ustadi. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, mtu anayeitwa Adili tunamwona usiku akiwachapa mijeledi manyani wawili. Jina linasema uadilifu na mkono umeshika mjeledi. Msomaji anashtuka, anataka kujua sababu, na ndipo kisa cha ndugu zake Hasidi na Mwivu kinapoletwa. Jina pale lilikuwa nusu ya swali. Ukimwita mhusika wako Imani, halafu akawa na imani kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, jina limekwisha kujibu kila kitu.

Kuna funzo jingine ndani ya mfano huo, nalo ni la mpangilio. Historia ya mhusika ililetwa baada ya swali kuulizwa. Waandishi wapya hupenda kuanza na utoto, ukoo na shule, wakidhani msomaji hatamwelewa mhusika bila hayo. Ukweli ni kwamba msomaji hajali mtu alizaliwa wapi mpaka amwone akifanya jambo lisiloelezeka. Mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, itumike kama jibu. Kabla ya kurudi nyuma, jiulize msomaji ameshauliza nini. Kama hajauliza kitu, usirudi bado. Na ukirudi, rudi kwa tukio moja lenye mahali na saa, si kwa muhtasari wa miaka kumi.

Kuhusu wahusika bapa, wenye sifa moja isiyobadilika, na wahusika duara, wenye sura nyingi na wanaobadilika, istilahi ambazo chimbuko lake ni mihadhara ya mwandishi Mwingereza E. M. Forster iliyochapishwa mwaka 1927, nina neno moja tu: ubapa si kosa. Riwaya yenye watu 20 walio duara wote haitasomeka. Watu wawili hadi wanne wabebe mgogoro na wabadilike. Waliobaki wape alama moja kila mmoja, na alama hiyo iwe tendo. "Mzee mwenye kovu" anasahaulika. "Mzee anayehesabu chenji mara tatu kabla ya kuondoka dirishani" atakumbukwa akirudi baada ya sura sita.

Lugha yetu ina ugumu mmoja ambao mwandishi wa riwaya hana budi kuutatua kila ukurasa. Vitenzi havitofautishi mwanamume na mwanamke. "Alimwambia kwamba hatamsamehe kwa sababu alimdanganya." Nani alimdanganya nani? Katika mazungumzo ya kawaida sura ya msemaji inatosha kufafanua. Kwenye karatasi hakuna sura. Msomaji akilazimika kurudi mistari mitatu kutafuta mtendaji, hiyo ni kazi, lakini ni kazi isiyo na malipo, na akifanyishwa mara nne ataacha kusoma. Rudia jina bila aibu. Tumia cheo au kazi ya mtu pale inapofaa: fundi, mteja, mjomba. Gawa sentensi mbili pale mmoja anapokuwa mtendaji na mtendwa kwa zamu. Na tangu mwanzo chagua majina yasiyofanana: Asha, Aisha na Amina katika familia moja ni mtego ambao hata msomaji makini utamnasa mguu. Herufi tofauti za mwanzo na idadi tofauti ya silabi zinasaidia kuliko maelezo yoyote. Ukurasa wa kwanza usizidi majina matatu.

Anayesimulia naye ni uamuzi wa mapema, na ni mgumu kuubadilisha baadaye. Nafsi ya kwanza inampa msomaji sauti ya karibu na kumnyima uhakika. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, Kazimoto anajisimulia mwenyewe. Hakuna msimulizi wa pembeni wa kutuambia kama anaona sawasawa au anajidanganya. Inatubidi tumpime kwa matendo yake, na kumpima huko ndiko kunakotufunga naye. Kosa la kawaida la nafsi hii ni msimulizi anayejijua kupita kiasi: "Nilikuwa na wivu kwa sababu utotoni sikupendwa." Mtu mwenye wivu hasemi hivyo. Anasema yule mwingine ana kiburi.

Njia nyingine ni kumpa mhusika mkuu mwenzake wa kuambatana naye. Muhammed Said Abdulla alifanya hivyo kwa Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko aliyeingia vitabuni kwa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ambaye ana rafiki yake Najum, kama vile Sherlock Holmes alivyo na Watson. Faida yake ni ya kiufundi kabisa. Msomaji anasimama alipo rafiki: anaona ushahidi uleule, hajui tafsiri yake. Tungewekwa ndani ya kichwa cha mpelelezi, mwandishi angelazimika ama kutuambia jibu mapema ama kutuficha mawazo ya mtu tunayesikia mawazo yake yote. Hili la pili wasomaji hawalisamehi. Kama sura inasimuliwa kutoka kwa Sharifa na Sharifa anajua kilichomo ndani ya bahasha, huwezi kumficha msomaji ili umshtue kurasa 100 baadaye. Ama mpe habari, ama simulia kupitia mtu asiyejua.

Msimulizi maizi, anayeingia kila kichwa, anaonekana rahisi kwa sababu anaruhusu yote, na ndiye anayeharibu miswada mingi. Katika aya moja tunajua anachofikiri mke, mume na jirani. Hakuna aliyebaki wa kukisiwa. Shikilia kichwa kimoja kwa tukio zima. Ukitaka kuhama, acha nafasi au anza sura. Ukishakaa kwenye kichwa hicho, unaweza kuondoa "alijiuliza", "alifikiri" na "aliona kwamba". Linganisha: "Sharifa alijiuliza mteja angefika saa ngapi" na "Sharifa alitazama saa. Huyo mteja angefika saa ngapi? Na kwa nini gauni liletwe leo, leo hii?" Katika ule wa pili hakuna anayetuarifu. Tumo ndani.

Sasa mtindo, ambao watu wengi hudhani ni mapambo. Kwa Kiswahili mtindo uko kwanza kwenye kitenzi. Riwaya nyingi husimuliwa kwa -li-, na tatizo lake linaonekana ukitazama pembe ya kushoto ya ukurasa: Aliingia, Alikaa, Alitazama, Alisema. Sentensi 12 zikianza kwa "Ali" sikio linalala. Dawa ya kwanza ni -ka-. "Aliingia, akaketi, akavua viatu" inateremka kwa pumzi moja. "Aliingia. Aliketi. Alivua viatu" inasimama kila hatua, na kila hatua inakuwa nzito. Zote mbili ni sahihi, ila zinasema mambo tofauti: ya kwanza ni mtu aliyerudi kazini, ya pili ni mtu aliyerudi kutoka mazishini. Ukitumia -ka- ukurasa mzima unapata mbio, na mbio zinafaa kwenye kukimbia. Zikiingia kwenye msiba zinaufanya uonekane haumhusu mtu. Hu- ya mazoea inajenga hali ya kila siku ambayo tukio litakuja kuivunja: "Jioni hufunga cherehani, hufagia vipande, huzima taa. Siku ile hakuzima taa." Umeona jinsi sentensi fupi ya mwisho ilivyobeba uzito bila kivumishi chochote?

Mpangilio wa maneno nao unaweza kuahirisha habari. "Mtu alisimama mlangoni" inatoa yote mara moja. "Mlangoni alisimama mtu" inatuonyesha mlango kwanza, kisha kusimama, na mwisho kabisa yule aliyesimama. Ni taharuki ya neno moja, lakini ukiiweka mwisho wa aya inafanya kazi. Ikitumika kila aya inakuwa kilema, kwa hiyo iweke akiba kwa yule mtu ambaye hakutazamiwa.

Methali nazipenda, na naumia nikiona zinavyopotezwa. Msimulizi akimalizia tukio kwa methali, amelifunga; amemwambia msomaji maana yake ni hii, twende mbele. Methali hiyohiyo ikitoka kinywani mwa mhusika inafungua. Mdaiwa anayemwambia mdai wake "haraka haraka haina baraka" ametuonyesha ujanja wake, dharau yake, na jinsi anavyojificha nyuma ya hekima ya wazee. Kwa hiyo uliza nani anaitumia, dhidi ya nani, na kama inamfaa. Ile isiyofaa kabisa ndiyo tamu zaidi. Tanakali za sauti ni vivyo hivyo kwa kiasi: "alianguka pu" mara moja kwenye sura inasikika, mara tano inageuza msiba kuwa kichekesho.

Mazungumzo ndiko riwaya inakohukumiwa, kwa sababu kila msomaji ni mtaalamu wa kusikia watu wakizungumza. Kosa kubwa ni wahusika kujibu walichoulizwa. Watu wenye jambo moyoni hawajibu.

"Umemaliza lile gauni?"

"Mvua imenyesha upande ule mliko?"

"Nakuuliza gauni."

"Nimekusikia."

Hapo hakuna aliyesema kuna tatizo, na hakuna msomaji ambaye hajaliona. Ungeongeza "alisema kwa hasira huku akificha jambo", ungekuwa umemnyang'anya alichokipata. "Alisema" na "aliuliza" zinatosha mara nyingi, na watu wawili wanaweza kwenda mistari minne au mitano bila kutajwa. Ikizidi hapo, weka jina au tendo dogo ili msomaji asipoteze hesabu ya nani ni nani.

Utajiri mwingine tulio nao ni namna ya kuitana. Mke aliyemwita mumewe "baba Salma" kwa sura saba, katika ya nane akamwita kwa jina lake tupu, ameeleza kuvunjika kwa ndoa kwa neno moja. Kijana anayehama kutoka "shikamoo mzee" hadi "wewe" amevuka mpaka. Lakini hili linafanya kazi tu kama mwandishi aliliweka sawasawa tangu mwanzo. Mke akimwita mumewe hivi leo na vile kesho bila sababu, siku ya kuvunjika haitaonekana. Andika kwenye karatasi ya pembeni jedwali la nani anamwita nani nini, na usilitoke mpaka uwe na sababu ya kulitoka. Lahaja na lugha ya mitaani zichukuliwe hivyohivyo: chagua alama mbili au tatu za usemi wa mhusika, zitunze, uache mengine. Ukiandika kila sauti kama inavyotamkwa msomaji anabaki anafumbua herufi badala ya kumsikia mtu.

Turudi kwenye bahasha kwa sababu ya taharuki. Kama msomaji hajui kilichoandikwa ndani, ana udadisi. Kama anajua, ila Sharifa hajui, ana hofu, na kila Sharifa anapocheka na mumewe hofu hiyo inaongezeka. Udadisi huisha haraka. Ukiucheleweshea jibu zaidi ya sura mbili tatu bila kuulisha kidogo, msomaji anaanza kukasirika. Hofu hudumu zaidi. Ndiyo maana mara nyingi ni busara kumwambia msomaji mapema kuliko kumficha. Mwisho wa sura nao hauhitaji kisu wala mlio wa simu. Unahitaji uamuzi uliokwisha kufanywa na matokeo ambayo hayajaonekana: mfuko umeshonwa, mteja anabisha hodi.

Rasimu ikikamilika, kagua kwa mizunguko, na kila mzunguko utafute jambo moja tu, maana jicho linalotafuta yote halioni hata moja. Kwanza funika majina kwenye mazungumzo na usome kwa sauti. Kama huwatofautishi wasemaji, wote wanasema kwa sauti yako. Kisha pigia mstari kila kivumishi cha tabia: mwema, mkatili, mwaminifu, mwenye kiburi. Kwa kila kimoja tafuta tendo lililo karibu linalosema hivyohivyo. Likiwapo, futa kivumishi, lisipokuwapo, liandike. Halafu pitia viambishi vya watendaji na uhakikishe kila "a-" na "-m-" ina mwenyewe. Mzunguko wa mwisho ni wa sentensi inayofunga kila aya, kwa kuwa ndipo mwandishi anaposhikwa na woga kwamba hakueleweka, akaeleza tena alichokwisha kuonyesha. Chukua sura moja, futa sentensi hizo zote kwenye nakala ya pembeni, uiache siku mbili, uisome upya. Aya ambayo pengo lake hulioni, iache hivyo. Ambayo inakukwamisha, rudisha sentensi yake, lakini kwanza angalia kama tatizo haliko juu zaidi, kwenye tendo ambalo hukuliandika.